Kwenda saa nane, kurudi saa saba

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba kutoka London hadi New York ni takriban kilomita 5,570, na kwamba ndege kubwa ya abiria hukimbia kilomita 900 kwa saa. Nikigawanya napata saa sita na dakika 11. Ratiba, hata hivyo, inaonyesha karibu saa nane kwenda na saa saba kurudi, na tiketi inasema tutaruka saa nne asubuhi na kutua saa saba mchana. Nishike lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, umegawanya sawasawa, ila umeusahau upepo. Kilomita 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa inayoizunguka, na hewa yenyewe haikutulia: juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita tisa hadi 12, hupita mkondo wa upepo mkali unaoelekea mashariki, ambao hupata nguvu zaidi majira ya baridi. Ndege iendayo London husukumwa nao. Iendayo New York hukwenda mbisho kama jahazi. Tuchukulie kwamba upepo huo ni wa kilomita 150 kwa saa njia nzima. Kurudi kutachukua saa tano na dakika 18, na kwenda saa saba na dakika 26. Yaani, ukilinganisha na hesabu yako, upepo unakudai dakika 75 na kukulipa 53 tu, kwa kuwa unapokupinga unakaa nao muda mrefu zaidi.

Ndiyo maana njia kuu za kuvuka bahari hiyo hupangwa upya kila siku kwa kufuata utabiri wa hali ya hewa: za kwenda mashariki huwekwa ndani ya mkondo, za kwenda magharibi huukwepa, hata ikibidi kurefusha safari. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa muda usiotimia saa tano.

Dakika nyingine huliwa ardhini. Ratiba huanza kuhesabu ndege inapoacha maegesho na huishia inapoegeshwa tena, hivyo foleni ya kuruka na zamu ya kutua zimo ndani yake, pamoja na akiba ambayo mashirika hujiwekea ili yasionekane yamechelewa.

Kuhusu tiketi, kila saa iliyoandikwa ni ya mahali husika. London ikiwa saa nne asubuhi, New York ni saa kumi na moja alfajiri. Ongeza saa nane za safari na utafika saa saba mchana. Angalia tu tarehe yako: Marekani na Uingereza hazibadilishi saa siku moja, kwa hiyo katika sehemu ya mwezi Machi, na kwa wiki moja kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, tofauti hiyo ya saa tano huwa nne.