Lekcha Nafaulu, Studio Naburuzwa: Maswali Yenu ya Intiria Dizaini

Kwa ambao ndo mnaingia leo, anayejibu hapa ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa intiria dizaini, niko Dar, sio profesa na sio mshauri wa chuo. Naongea ninachokiona studio, yaani somo la vitendo ambako tunapewa miradi ya kubuni na kuchora. Barua zimekuwa nyingi, nimechagua chache na nyingine nimezikata maana mtu kaandika kurasa tatu za malalamiko kabla ya kufika kwenye swali.

Dada habari. Niko mwaka wa pili. Masomo ya darasani nayapata vizuri tu, historia ya usanifu, matirio (vifaa kama mbao), yote freshi. Ila studio naburuzwa kila semista. Mradi wa juzi tulipewa saluni ndani ya kontena la futi 20, nikakesha, nikatoa renda (picha ya kompyuta ya chumba) kali kabisa, siku ya juri, yaani jopo la walimu wanaokagua kazi, mwalimu mmoja hakuangalia hata renda, akaniuliza "msusi anasimama wapi?" nikabaki kimya. Nikienda kwa mwalimu wangu kumuuliza sasa nifanyeje ananirudishia swali. Je nibadilishe kozi? Nisije nikasapu (nikarudia mtihani) bure.
*Msomaji, Dar*

Mdogo wangu usibadilishe chochote kwanza, kaa. Hiyo shida ya kuwa mzuri darasani na kuburuzwa studio ni ya watu wengi sana na haina maana huna kipaji. Darasani unaulizwa kitu ambacho jibu lake lipo tayari mahali, wewe kazi yako kulikumbuka. Studio jibu halipo, hata mwalimu hana, ndo maana anakurudishia swali, sio roho mbaya (wapo wa roho mbaya pia, tusidanganyane). Unatakiwa uamue kitu kabla hujawa na uhakika nacho, ukichore, kisha uone kinavyokataa, na pale kinapokataa ndo unajua kitu ambacho lekcha nzima isingekupa.

Sasa tuichukue hiyo saluni yako maana umenipa mfano mtamu. Kontena la futi 20 kwa ndani lina urefu wa kama mita 5.9 na upana wa kama mita 2.35. Weka fremu na kizuia joto pande zote mbili, lazima uweke maana ni bati tupu na jua letu unalijua, upana umebaki kama mita 2.2 na urefu kama 5.7. Haya, mteja anakaa akiangalia kioo kwenye ukuta mrefu kama ulivyochora (sijaona mchoro wako ila najua, wote tunachora hivyo). Shelfu ya kioo inakula sentimita 30. Mteja na kiti na miguu yake mbele, mita moja. Msusi nyuma yake anahitaji sentimita 60 au 70 na hapo hajainua viwiko. Jumla unakaribia mita 2. Umebakiwa na sentimita 20 za kupita, nani anapita hapo? Na benchi la wanaosubiri umeliweka wapi, kina cha benchi tu ni sentimita 45. Alafu hapo tunaongelea msusi mmoja, wakati mtu akija kusukwa rasta wanamzunguka wawili mpaka watatu, mmoja kakaa kwenye stuli, mwingine anachambua nywele, na mtoto wa mteja yuko chini anachezea vibanio. Renda yako ilikuwa na mtu kwenye kiti? Mara nyingi renda zetu hazina mtu, ndo maana zinapendeza.

Ukigeuza mambo inakuaje? Viti viangalie kuta fupi, za mwisho wa kontena, kimoja huku kingine kule. Kila upande unakula mita 2, katikati unabaki na kama mita 1.7, hapo unakata mlango ubavuni, unaweka sinki la kuoshea nywele, na wanaosubiri unawatoa nje kwenye benchi chini ya kibaraza cha bati ambako ndo wanapopenda kukaa hata hivyo, umbea uko nje. Ukikata dirisha mkabala na mlango upepo unapita moja kwa moja. Sisemi hilo ndo jibu, mwalimu wako anaweza akalipasua pia, kwa mfano kukata bati ubavuni inabidi uweke fremu ya chuma kurudisha nguvu ya kontena. Ila ona tulivyofika hapo: hakuna aliyekaa akapata wazo la ghafla, tumehesabu sentimita tukabanwa, kule kubanwa ndo kumetoa wazo.

Kitu cha kufanya wiki hii. Tafuta chaki, nenda kwenye kibaraza chochote chenye nafasi, chora hilo kontena kwa saizi yake halisi chini, mita 2.2 kwa 5.7, weka viti vya plastiki, mkalishe mwenzako, mwingine asimame amsuke kwelikweli. Dakika kumi tu. Sijawahi kuona mtu aliyefanya hivi akarudi na mchoro uleule. Kisha nenda saluni ya mtaani kwako ukae, omba ruhusa, nunua hata soda, angalia wanapoweka simu zao, wanapotupa nywele, waya wa draya unapita wapi. Siku ya juri ukiulizwa msusi anasimama wapi utakuwa na majibu mpaka wachoke wao.

Na kuhusu kukesha, usiku wa mwisho ni wa kupanga shiti (karatasi za michoro) na kuprinti. Anayeamua mlango unafungukia wapi saa tisa usiku kwa kawaida anauelekeza kwenye choo.

Mwanangu, shida yangu ni binti yangu yuko chuo anasomea hiyo intiria. Kila mwezi anaomba hela ya maboksi, gundi, karatasi. Likizo kaja na mzigo wa vijumba vya maboksi kama anacheza. Mimi nilidhani wanafundishwa kupamba nyumba. Bumu lake (hela ya mkopo wa chuo) linaisha hata mwezi haujaisha. Hii ni kozi kweli?
*Mama, Morogoro*

Shikamoo mama. Ni kozi kweli, na hivyo vijumba ndo kama daftari zake, usivitupe tafadhali maana kuna anavyotakiwa kuja kuvionyesha kwenye potifolio (mkusanyiko wa kazi zake). Kupamba ni kasehemu kadogo. Binti yako anajifunza mtu akiingia chumbani apite wapi, mwanga uingie wapi, mzee mwenye kiti cha magurudumu ageuke vipi (anahitaji duara la mita 1.5, na vyoo vyetu vingi havina hata nusu ya hiyo), na mambo hayo kwenye karatasi hayaonekani vizuri, kwenye kiboksi unachungulia kwa jicho moja unaona.

Ila kwenye hela nakubaliana na wewe mama, kuna matumizi mengine ni ya mashindano tu, mmoja kaja na modo (hivyo vijumba) ya fomubodi nyeupe, bodi nyepesi ya dukani, basi kila mtu anataka fomubodi. Modo za kujaribia zinatakiwa ziwe za hovyo, boksi la friji kutoka dukani linatosha kabisa na wanakupa bure, tena ukilikata bila huruma unajifunza zaidi kwa sababu hulionei uchungu. Fomubodi iwe ya modo ya mwisho peke yake. Mwambie pia wagawane, kisu kizuri na mkeka wa kukatia watu watatu wanatumia mmoja. Na siku moja muulize akuonyeshe kijumba kimoja na akueleze, mwache aongee bila kumkatisha. Kumueleza mama ni kugumu kuliko kuieleza juri, hapo unamsaidia kuliko hela.

Assalam aleikum dada. Niko Mombasa, nasoma dizaini mwaka wa kwanza. Tumepewa mradi wa lobi ya hoteli ndogo, brifu (maelezo ya kazi) inasema iwe na "mguso wa Kiswahili". Nimeweka mlango wa kuchonga, matao, taa za shaba, mikeka. Mwalimu asema sina konsepti, nina mapambo tu. Konsepti ndiyo nini hasa?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mwalimu wako kasema kweli japo kakuacha njiani. Na wewe uko Mombasa, una bahati ya kuwa karibu na nyumba za Kiswahili za zamani, sisi wa Dar tunazipandia boti.

Nyumba ya mawe ya Lamu, kwa mfano, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana mara nyingi hauzidi mita 3 hivi. Kwa nini? Kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake, ukilazimisha zaidi inapinda. Mti wa baharini ndo umepanga chumba. Kutoka njiani unaingia daka (kibaraza cha mlangoni) lenye baraza huku na huku, kisha tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kisha ndo kiwanda, yaani ua wa ndani wenye uwazi juu, na ukisimama mlangoni huoni ndani hata mlango ukiwa wazi, njia inakata kona. Mgeni anapokelewa hatua kwa hatua kulingana na ukaribu wake, wa habari ya asubuhi anaishia barazani, jamaa anaingia zaidi. Na kule ndani kabisa ndo unakutana na zidaka (vishubaka) za chokaa zilizopangwa ukutani.

Sasa lobi ya hoteli kazi yake ni nini kama sio hiyohiyo, kupokea watu wa ukaribu tofauti? Dereva aliyeleta mteja, mgeni anayesubiri chumba, mgeni ambaye tayari ana ufunguo. Ukichora lobi ambayo mtu anapanda kidogo, anakaa, anakata kona, ndo anaona kiwanda chenye mwanga wa juu, hapo una konsepti, yaani wazo linalopanga nafasi yote, na hata ukitoa taa zote za shaba bado itabaki ya Kiswahili. Jipime hivyo: futa mapambo yote kwenye mchoro, kilichobaki kinasema chochote? Yale matao yako sijayachukia, ila tao linabeba ukuta, na la jipsamu bodi halibebi kitu, kwa hiyo ujue unaliweka la nini.

Pinterest (ule mtandao wa picha) fungua ukishachora, sio kabla. Ukianza nayo mkono wako unakuwa unakopi sebule ya mtu wa Copenhagen ambaye dirisha lake linatafuta jua wakati letu linalikimbia.

Mimi ni fundi seremala, Keko, Dar. Wanafunzi wenu wanakuja na michoro mizuri haijengeki. Juzi kijana kaleta kabati lenye kina cha sentimita 65. Nikamuuliza kwa nini 65, akasema ilipendeza. Mnafundishwa nini huko?

Kaka, barua yako niliisoma kwa sauti studio watu wakacheka, baadaye wakanyamaza kila mtu akaenda kuangalia kabati lake.

Wasomaji ambao hamjui: plaiwudi au MDF inauzwa futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Ukichora kina cha 60, fundi anapasua bodi katikati anapata vipande viwili virefu na unene wa msumeno unaingia humohumo. Ukichora 65, anapata kimoja, anabaki na 57 isiyofaa upande wa pili, na mteja analipia bodi karibu mara mbili kwa sentimita tano za kupendeza. Hanga la nguo lenyewe linatosha kwenye 60. Hili somo ni la dakika tano na linafundishwa na mtu aliyesimama mbele ya mashine, matirio darasani tunasoma jina na sifa za mbao lakini bei ya kosa unaijua ukiwa na fundi.

Na sio wazo jipya. Bauhaus kule Weimar, Ujerumani, shule ambayo Walter Gropius aliianzisha 1919 na walimu wetu hawaachi kuitaja, miaka yake ya mwanzo kila karakana ilikuwa na walimu wawili, msanii wa kufundisha umbo na fundi wa kufundisha kazi. Sisi tumechukua viti vyao vya mabomba kwenye slaidi, yule mwalimu wa pili tumemwacha. Kwa hiyo kaka ombi langu, kijana akija na 65 usimfukuze, mpe kipande akate mwenyewe. Na nyie wanafunzi mkienda Keko msiende saa ya kazi nyingi na msiende mikono mitupu, hata chai na chapati za mafundi, na mchoro upelekeni *kabla* ya juri sio baada.

Laptop gani ninunue kabla ya kuanza mwaka wa kwanza?

Usinunue bado. Mwaka wa kwanza vyuo vingi ni kazi ya mkono, penseli na skeli rula (rula ya vipimo vya michoro). Ukifika kwenye programu za kuchorea kama SketchUp na AutoCAD, ya RAM ya GB 8 inakwenda, ukianza kurenda ndo utatafuta ya 16 yenye kadi ya grafiki na wakati huo utajua unataka nini. Pesa yote ikiisha kwenye laptop utakosa ya kuprinti, na juri haiangalii mchoro uliobaki kwenye flashi.

Mradi wa kikundi tuko wanne, tunaofanya ni wawili. Tuwaseme kwa mwalimu?

Kwanza gaweni kazi kwa shiti, sio kwa "tusaidiane". Plani (mchoro wa kutoka juu) fulani, seksheni (mchoro wa jengo lililokatwa) fulani, modo fulani, majina yaandikwe kwenye kona ya shiti. Siku ya juri kila mtu anaeleza shiti yake. Hamtahitaji kusema kitu.

Likizo ndefu inakuja, fildi (mafunzo ya kazini) sijapata. Nifanye nini nisisahau kuchora?

Pima vitu. Chukua nyumba mnayoishi, kama ni ile ya vyumba sita na ukumbi katikati ndo safi zaidi, ipime yote mpaka ua wa nyuma, uichore kwa skeli ya 1:50 (sentimita 1 kwenye karatasi ni 50 za kweli), alafu weka kila kitu kilichomo kama kilivyo, ndoo, jiko la mkaa, pikipiki iliyolazwa ukumbini usiku. Usipange upya, chora kama ilivyo. Baadaye andika saa ngapi nani anakaa wapi, utashangaa ukumbi unafanya kazi kiasi gani. Ukiwa njiani pima ngazi zinazokuchosha na zisizokuchosha, za kawaida kimo chake kinacheza sentimita 15 mpaka 18, ukikutana na ya 21 goti litakuambia kabla ya tepu. Na tepu nunua ya mita 5, ya 3 itakuishia katikati ya sebule uanze kuombana na watu wakushikie upande wa pili.