Betri haijafa, ni baridi ya Minnesota

Pole ndugu yangu. Unasema gari lako la umeme hapo Minneapolis lilikuwa linafika maili 250 kwa chaji moja, sasa hata 170 shida, na unahisi umeuziwa betri mbovu. Sidhani. Baridi ikizidi, kemia ya betri ya lithiamu huzubaa, na hita inakula umeme huohuo.

La kwanza kabisa: lipashe gari joto likiwa bado limechomekwa, dakika 20 hivi kabla ya kutoka, ili joto hilo litokane na umeme wa nyumbani. Njiani tegemea hita ya kiti na ya usukani; hula kidogo kuliko kupasha hewa yote. Ukienda kwenye chaja ya kasi, iweke kwenye ramani ya gari. Magari mengi mapya huanza kupasha betri mapema. Upepo wa tairi pia upime.

Kuchaji kwa soketi ya kawaida ya nyumbani ya volti 120 usiku wa baridi kali huenda kusikutoshe. Soketi ya volti 240 afunge fundi umeme mwenye leseni, si shemeji (nawajua mashemeji). Waya wa ekstensheni wa kawaida usiutumie kuchajia.

Onyo la betri likiwaka, au masafa yasiporudi hata mwezi wa sita, huko kukiwa na joto, lipeleke likapimwe kabla dhamana haijaisha.