Mti uleule, tunda lilelile, mbona dawa haifanyi kazi? Maswali yenu ya mwezi huu

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi nalima nyanya na kabichi huku Kahe, kwenye mpaka wa shamba nna miarobaini mitatu mikubwa. Msimu uliopita niliokota mbegu zilizodondoka, nikatwanga nikaloweka nikapulizia, viwavi vikapungua kweli. Msimu huu nikaona niwahi, nikachuma matunda ya kijani kabisa juu ya mti, nikafanya vilevile, ila wadudu wanakula tu kama kawa. Mti si uleule? Au wadudu washaizoea? – *Mkulima, Kahe*

JIBU: Mangi, wadudu hawajazoea chochote, wewe ndo umewapelekea maji matupu. Kitu kinachofanya kazi kwenye mwarobaini kinaitwa azadiraktini na mti haukiweki kila mahali sawasawa, majani yanacho kidogo tu, nyingi iko ndani ya kokwa, na kwenye kokwa penyewe haiji siku moja, inajengeka taratibu kadiri tunda linavyokua. Chukua tunda changa la kijani ulipasue kwa kisu, utaona kokwa bado laini linakatika hata kwa kucha na ndani kuna kitu cheupe cha majimaji, hapo hamna mafuta na hamna dawa ya maana. Sasa pasua lile linaloanza kugeuka toka kijani kwenda njano: gamba limekaza, kiini kimejaa, ukikiminya kinakuachia mafuta kwenye vidole na ile harufu kali inayokaribiana na kitunguu saumu. Hapo ndo pa kuchuma, kijani-njano. Ukisubiri mpaka lidondoke lioze chini bado litafaa kiasi, na ndo maana mwaka jana ulipata, ila lile nyama tamu la nje linachacha na kuvu wanaingia mpaka kwenye kokwa na ubora unashuka. Kwa hiyo bahati tu ilikubeba uliokota mapema.

Na hiki kitu siyo cha mchezo jamani. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan nzige wakapita wakafagia kila jani, miarobaini ikabaki imesimama na majani yake. Azadiraktini yenyewe ikaja kutolewa kwenye mbegu huko Uingereza mwaka 1968, na wanakemia wa Cambridge waliotaka kuitengeneza maabara toka mwanzo mpaka mwisho walihangaika miaka 22 wakafanikiwa 2007. Mti wako wa mpakani unaifanya kila msimu bila kumsumbua mtu, mradi umpe tu nafasi tunda likomae.

Ukishachuma, toa nyama ya nje siku hiyohiyo, osha kokwa, anika KIVULINI penye upepo, siyo kwenye bati juani maana jua ndo linaivunja, alafu weka kwenye gunia linalopitisha hewa na siyo mfuko wa plastiki. Siku ya kutumia menya gamba, twanga nusu kilo ya viini, loweka kwenye maji ya kawaida lita 10 usiku kucha (ya moto hapana!!), chuja kwa kitambaa, weka sabuni ya maji kidogo ili ishike kwenye jani, pulizia jioni. Na kesho yake usiende shambani kuhesabu maiti, haiui papo hapo, inamfanya mdudu akose hamu ya kula na ashindwe kujivua ngozi ili akue, kwa hiyo utaona tofauti baada ya siku kadhaa. Kama ni kantangaze, yule kiwavi mdogo wa nyanya, kashaingia ndani ya jani na tunda, hapo itakusaidia kiasi tu, usidanganywe na wauzaji.

Jambo moja kwa wanaosoma wakiwa huku juu penye baridi: miti mingi mnayoiita mwarobaini ni ile jamaa yake ya maua ya zambarau, mmelia. Mwarobaini wenyewe maua yake meupe na jani lake limegawanyika mara moja tu, vijani vimejipanga pande mbili za kijiti kimoja, wakati mmelia kijiti kinatoa vijiti vingine ndo vinabeba vijani. Matunda ya mmelia ni mviringo kabisa, yananing'inia mtini njano hata majani yakishapukutika, na yana sumu, watoto wasichezee wakayala. Na hata mafuta ya mwarobaini halisi msimnyweshe mtoto, wapo watoto walioishia na degedege na ini kuharibika.

SWALI: Shikamoo aunty. Mimi ni mama lishe hapa Arusha soko la Kilombero. Nyama ikiwa ngumu huwa napaka papai bichi inalainika haraka, naokoa mkaa. Juzi lilikosekana bichi nikaponda lililoiva, nyama ikabaki ngumu vilevile na mchuzi ukawa mtamu wateja wakalalamika. Papai si papai? Alafu wifi yangu ni mjamzito, mama mkwe kamkataza papai la aina yoyote, hata lile jekundu la kula. Ni kweli? – *Mama lishe, Kilombero*

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na wateja.

Nyama unalainishiwa na ule utomvu mweupe unaotoka ukikwaruza ganda la papai bichi. Mle kuna vimeng'enya vinavyokata protini, maarufu ni papaini, na papai linavyoiva ule utomvu unapungua mpaka unakaribia kuisha kabisa, ndo maana ukikata lililoiva hauoni tone jeupe. Kwa hiyo uliponda sukari na maji ukapaka kwenye nyama. Wanaovuna utomvu kwa biashara wanajua hili siku nyingi, wanachanja papai lililoshafika ukubwa wake ila bado kijani, asubuhi na mapema utomvu ukiwa unatiririka vizuri, na Tanganyika ya zamani ilikuwa kati ya nchi zilizouza utomvu huo nje. Wewe kwaruza bichi na ganda lake, paka, acha nusu saa hadi saa moja, usilaze nayo usiku maana itakuwa uji. Na paka KABLA ya kubandika. Papaini inapenda joto, nyama ikianza kupata moto ndo inafanya kazi kwa kasi, lakini maji yakichemka kweli imekufa, ukitupia vipande kwenye sufuria inayotokota ni kazi bure.

Wakati utomvu unaondoka, vingine vinaingia. Ule ukijani wa ganda unavunjika, rangi za karoti zinajaa ndani, na kwenye mapapai mekundu ni likopeni, ileile ya kwenye nyanya. Sukari nayo inapanda, lakini hapa watu wengi wanaliwa hela zao: ndizi ukiikata mbichi ina wanga mwingi, ukiifungia ndani ule wanga unageuka sukari, mshare wako unaiva mtamu bila shida. Papai halina akiba hiyo ya wanga. Sukari yake inaletwa toka kwenye majani lingali mtini, zaidi siku za mwishomwisho, kwa hiyo lililokatwa kijani tii kuwahi gari la sokoni litalainika, litapata rangi, na halitakuwa tamu hata uliombee. Nunua lenye angalau mstari mmoja wa njano.

Kuhusu wifi, mama mkwe yuko sawa nusu. Utomvu wa papai bichi umejaribiwa maabara kwa panya, ukafanya kizazi kibane, juisi ya lililoiva haikufanya hivyo. Basi bichi na lile la nusunusu ambalo bado linatoa maziwa aachane nalo, ile kachumbari ya papai bichi pia aiache mpaka ajifungue, lililoiva vizuri ale. Umpelekee mama mkwe taarifa kwa adabu lakini, usiseme nimesema mimi.

SWALI: Je ndulele zikishaiva njano ni salama? Babu alikuwa anatibia jino kwa zile za kijani, mimi nimesikia za njano hazina ukali. – *Msomaji, Usa River*

JIBU: Hapana. Za kijani ndo chungu na kali zaidi kweli, na ndulele ni jamii moja na nyanya, mimea ambayo uchungu mwingi hupungua tunda likiiva, nyanya yenyewe ni mfano mzuri, ila nyanya inashuka mpaka inalika na ndulele haifiki huko. Kuna solamajini na wenzake mle ndani, sumu, inaumiza tumbo la mtu na mifugo pia. Jino nenda kwa daktari wa meno, na kama ziko karibu na zizi zing'oe kabla ndama hawajazigundua.