Mzungu wetu anaficha hela?

SWALI: Shikamoo anti. Hapa mtaani kwetu Ujiji kuna kijana wa Kimarekani amekuja kujitolea, ugali na migebuka ya mawese anakula, maji anachota mwenyewe, ila watu wanasema hela za chanja za kuanikia dagaa kazikalia. Ni kweli? Mama wa dagaa, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela gani jamani! Chukua hawa wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, lilianza 1961 enzi za Rais Kennedy na Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuwapokea, wao wanasoma Kiswahili kama miezi mitatu hivi, wanakaa miaka miwili, na wanapewa posho ya kuishi kama majirani zao, mshahara hamna. Chanja mnajenga nyie, miti na nyavu tu, hewa inapita chini, dagaa hawali mchanga na mteja halalamiki. Mwiteni kikaoni mbele ya mwenyekiti wa mtaa mumuulize, na muulizane nani analeta misumari (hapo ndo kimya kitatawala, nawajua). Halafu huyo mtoto mmemfundisha kuchambua miiba ya mgebuka kweli?