Anayepokea simu ya dharura awe na amri ya kutoa gari

Nawaandikia wenzangu mliopangiwa karibuni kuratibu huduma za dharura na rufaa wilayani, na zaidi nyinyi mlioko Pemba. Mtapokewa na malalamiko ya uhaba: magari machache, mafuta hayatoshi, wauguzi wameelemewa. Yote kweli. Lakini nimeshaona gari ya wagonjwa nzima, ina mafuta, dereva yupo, nayo imesimama chini ya muembe huku mgonjwa anasubiri, kwa sababu aliyepokea simu hakuwa na amri ya kuitoa. Ikiwa mtarekebisha jambo moja tu katika mwaka wenu wa mwanzo, basi ni hilo. Mtu wa zamu anayepokea simu awe na mamlaka ya kutoa gari au boti papo hapo, bila ya kumuomba ruhusa mtu yeyote.

Ifuateni simu moja muone. Saa nane za usiku, kituo cha afya cha shehia, mama kajifungua mtoto mzima lakini damu haikati. Mkunga ameshampiga sindano ya oksitosini, ameshamuwekea dripu, sasa mikono yote miwili inakanda tumbo na simu kaibana kwa bega. Anampigia mkuu wake wa kituo, maana ndivyo alivyoelekezwa. Mkuu anampigia daktari. Daktari anasema, "Sawa, aletwe, mpigie anayeshughulikia gari." Anayeshughulikia gari yuko kwake, funguo anazo yeye, anauliza, "Mafuta kaidhinisha nani?" Mwenye kuidhinisha mafuta kalala na simu kaizima. Katika hao hakuna mzembe hata mmoja. Kila mtu kafanya alichoambiwa afanye. Na kutokwa na damu baada ya uzazi kunaweza kumuua mwanamke aliyekuwa mzima wa afya ndani ya saa mbili. Nimekaa na wakunga asubuhi ya pili ya usiku wa namna hiyo, na ndiyo maana naandika haya.

Dawa yake ni karatasi moja. Iandikeni kwa Kiswahili kinachosomeka, itiwe saini na Daktari Dhamana wa wilaya na kila mwenye gari au boti inayoweza kuitwa, na ibandikwe penye simu. Iseme kwamba mtu wa zamu akipokea simu ya mgonjwa wa aina hizi (itajeni kila aina: damu ya uzazi, kifafa cha mimba, ajali ya barabarani, aliyeanguka mkarafuu, mtoto anayeshindwa kupumua, aliyezama) anatoa gari kwanza, na kuulizwa ni asubuhi. Neno "asubuhi" liandikwe kabisa. Bila ya neno hilo watu wa zamu watazidi kuogopa, maana wameshaona mwenzao akiitwa ofisini kwa lita chache za dizeli.

Wahasibu watakupingeni, na hoja yao si ya kupuuzwa. Gari ya serikali ikitoka bila ruhusa, nani anajua ilikwenda wapi? Wajibuni kwa daftari: saa iliyopigwa simu, saa iliyotoka gari, kilomita za kwenda na kurudi, jina la kituo, saini ya aliyempokea mgonjwa. Daftari lililojazwa vizuri linalinda mafuta kuliko ruhusa ya mdomo ya usiku wa manane. Funguo nazo zikae kwenye msumari chumba cha zamu, zisilale mfukoni mwa mtu. Tangi lisishuke chini ya nusu, na anayemaliza zamu asikabidhi gari yenye tangi tupu.

Kuna mfumo tulionao ambao unafanya kazi kwa msingi huo huo. Nao ni m-mama, wa namba 115, ambao simu yake haina malipo. Mpokeaji simu anauliza maswali yaliyopangwa, anaita gari ya wagonjwa, na ikiwa haipo anamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Yule mpokeaji ana amri na ana fedha ya kumlipa dereva. Lakini mfumo ule umewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mchumaji aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu huko Mtambwe hahusiki nao, na msimu wa karafuu hao ndio wagonjwa mtakaoitiwa. (Tukiwa hapo: waambieni masheha na wenye mashamba kwamba aliyeanguka asinyanyuliwe kwa makwapa wala asikalishwe. Alazwe juu ya ubao au mlango ulionyooka, shingo ishikwe isitikisike, ndipo abebwe. Uti wa mgongo uliovunjika hukatika kabisa mikononi mwa watu wema wenye haraka.) Kazi yenu ni kuufikisha msingi ule wa m-mama kwa wagonjwa wote waliobaki.

Sasa kuhusu wakubwa. Uratibu wa dharura hapa kwetu ni mgumu kwa sababu hakuna ofisi moja inayowaamuru wote. Afya si jambo la Muungano. Tuna Wizara yetu ya Afya Zanzibar, na kwa Pemba anayeisimamia ni Afisa Mdhamini. Polisi, wanaofika mwanzo kwenye ajali nyingi za barabarani, ni wa Muungano. KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) wenye boti na wapiga mbizi, na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, ni Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Gati ina Shirika la Bandari, kiwanja cha ndege kina mamlaka yake, na yakizidi makubwa inaingia Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Nyinyi waratibu hamumuamuru hata mmoja kati ya hao. Mnachoweza kupata ni makubaliano, na makubaliano ya vyeo hayatoshi. Mkuu atasema "tutashirikiana" kwenye mkutano, lakini saa nane za usiku anayepokea simu ni koplo ambaye mkutanoni hakuwepo. Kwa hiyo baada ya kikao cha wakubwa, nendeni kwenye vyumba vya zamu. Kaeni na yule koplo, nyweni nae chai, muulizeni: nikikupigia leo usiku, wewe mwenyewe unaweza kuitoa boti? Akisema lazima aulize juu, rudini kwa mkuu wake na karatasi yenu.

Bahari inahitaji maelezo marefu zaidi, maana hapa ndipo mipango inayoandikwa kwa ajili ya nchi kavu inapokwama. Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza: huko watu wanaishi, wanazaa na wanaugua, na gari yenu haifiki. Mtaambiwa kuna boti. Ulizeni boti iko wapi maji yakitoka. Wakati wa bamvua maji hurudi nyuma mbali sana, na boti iliyofungwa pwani ya kijiji inakaa juu ya tope kwa saa kadhaa. Nimeshuhudia mama mwenye uchungu akibebwa juu ya kitanda cha kamba na vijana wanne, wanazama kwenye tope hadi magotini, mmoja anatangulia na kurunzi kuwaonesha penye mawe, na nahodha anawapigia kelele wapite kulia kwenye mchanga. Wale vijana waliijua njia. Asingekuwa mtu wa kijijini yule aliyeshika kurunzi, wasingefika.

Kwa hiyo jedwali la maji kupwa na kujaa likae ukutani pamoja na namba za simu, kwa kila mwezi. Maji husogea kiasi cha dakika 50 kila siku, basi anayejua ya leo anaweza kuikisia kesho. Mkunga wa kisiwani akiona dalili za hatari jioni, aangalie jedwali kabla ya kusema "tusubiri kidogo", kwani kusubiri kidogo kunaweza kuwa kusubiri mpaka maji yarudi. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, mpeni ruhusa ya kumtoa mgonjwa mapema zaidi, hata kwa dalili ndogo. Na mpate manahodha wawili kwa kila kisiwa, wavuvi wenye mashine nzima, mkubaliane bei ya mchana na bei ya usiku, na walipwe siku ile ile. Mvuvi aliyecheleweshewa fedha yake mara mbili hatoki mara ya tatu, na sioni kosa lake.

Machi 2024 huko Kisiwa Panza watu walikula nyama ya kasa. Walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 walilazwa. Sumu ya nyama ile haina dawa maalumu ya kuiondoa. Mgonjwa husaidiwa kupumua na kupewa maji mpaka mwili ujitetee. Idadi hiyo ikifika kwa wakati mmoja, mipango yote ya mgonjwa mmoja mmoja inavunjika. Hapo lazima awepo mtu pwani anayewagawa wagonjwa kwa rangi kulingana na uzito wa hali zao, nyekundu, manjano na kijani, na kusema nani apande boti ya mwanzo. Mtu huyo ajulikane kwa jina kabla. Na tambueni kwamba mwenye kupata habari mapema kuliko wote kwenye mambo kama hayo kwa kawaida ni sheha, kwa hiyo namba yenu iwemo kwenye simu ya sheha na itangazwe kwenye spika ya msikiti.

Sheria imeshatusaidia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama nje ya Nungwi ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Sina haja ya kuwaeleza watu wa Pemba Septemba ile ilikuwaje. Baada ya misiba hiyo ilikuja Sheria ya Kukabiliana na Maafa Namba 1 ya mwaka 2015, iliyounda Kamisheni na kamati zake mpaka chini kwenye shehia. Ushauri wangu ni kwamba kamati hizo msizingoje maafa. Zitumieni kwa mgonjwa wa kila wiki. Kamati iliyozoea kumtoa mjamzito mmoja kisiwani usiku itajua pa kusimama siku ya watu themanini.

Upande wa kupokea nako mnatakiwa. Gari isitoke kabla hospitali inayopelekewa haijapigiwa, lakini pia isizuiliwe kwa kusubiri jibu. Piga huku dereva anawasha. Sema umri, tatizo, kilichokwisha kufanywa, na kundi la damu kama linajulikana, kisha muulize anayekusikiliza jina lake na uliandike. Mtu aliyetaja jina lake atakuwepo mlangoni. Hospitali inaweza kusema "mpelekeni hospitali ya Abdalla Mzee, daktari wa upasuaji yuko huko", hilo ni jibu zuri. "Hatuna nafasi" peke yake lisikubaliwe. Atakayelisema na aseme pia mgonjwa aende wapi.

Rufaa ya kuvuka kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ina jambo ambalo halimo kwenye fomu. Nimekaa na wazee waliokataa rufaa, na ukiwasikiliza kwa utulivu, bila ya kuwasomea hatari za ugonjwa, hofu yao mara nyingi si hospitali. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, akifa kule nitamrudisha na nini?" Sisi tunazika mapema, na tunazika kwetu. Mtu asiye na nauli ya kurudi na maiti anaona bora mgonjwa wake abaki hapa hapa apate kumswalia. Baada ya maneno hayo nikawa natafuta jibu kabla ya kutaka saini ya kukubali rufaa: nani Unguja atamsaidia, msaada wa nauli utapatikana wapi, ndugu watapokewa na nani gatini Malindi. Ukiwa na jibu la kweli, wengi wanakubali. Usipokuwa nalo usiahidi, maana kijiji kizima kitalikumbuka.

Kila mwisho wa mwezi kaeni mulipitie daftari. Waiteni madereva, manahodha na wakunga, msiwaite wakubwa peke yao, na kila mmoja apewe nafasi ya kusema. Angalieni hasa muda baina ya simu kupigwa na gari kutoka. Muda wa njiani unategemea barabara na bahari, huo hamuuwezi kwa mwezi mmoja. Huu wa mwanzo ni wa kwenu, na ukiwa mrefu ulizeni usiku ule aliombwa nani ruhusa, kisha muondoeni kwenye mnyororo.

Na karatasi ikichelewa kutiwa saini na wote, anzeni na kituo kimoja, gari moja na mkuu mmoja aliyekubali. Mimi ningeanza na kituo kilicho mbali kuliko vyote.