Zarika aliuchukua mkanda ugenini
Hapana, dada, umeuliza kama bondia Mkenya Fatuma Zarika alibebwa na majaji wa nyumbani. Mkanda wa ubingwa wa WBC, yaani Baraza la Ndondi Duniani, uzani wa super bantam, aliufuata Marekani kwenyewe, Flint, Michigan, Oktoba 2016, akampiga Alicia Ashley kwa pointi, majaji wawili dhidi ya mmoja. Ulikuwa mkanda wa Ashley, na ugenini ukishinda kwa tofauti ndogo hivyo ujue umefanya kazi mara mbili! Nairobi alikuja kuutetea tu, 2017, mbele ya Catherine Phiri wa Zambia. Mwaka 2018 akaenda Mexico, akamshinda Yamileth Mercado kwao. Mercado aliuchukua 2019, tena hukohuko Mexico. Mwanamke huyu anastahili heshima kubwa kuliko tunayompa.