UTI gani hii inakuja na hedhi kila mwezi?

Swali lenu la wiki hii, ulifanyaje mpaka daktari akaamini maumivu yako ya hedhi, najibu kwa niaba ya wifi yangu, mke wa kaka, tuko wote huku Nkuhungu Dodoma na ameniruhusu ila jina nisitaje.

Jamani sisi wanawake tumezoea kupewa UTI. Wifi katibiwa UTI mpaka wa famasi wakawa wanamjua, anamaliza antibayotiki hizi anaanzishiwa zile, mara PID (maambukizi ya via vya uzazi), mara taifodi, na mkojo wenyewe haujawahi kuoteshwa maabara kuona kama kuna vijidudu hata siku moja. Kwao Kongwa wanasema chango, wanamchemshia mizizi. Alafu kuna ile "beba mimba litaisha", wakati ugonjwa wenyewe, endometriosisi, ule wa nyama kama za ndani ya kizazi kuota nje yake, unaweza ukawa ndo unaozuia hiyo mimba! Hakuna aliyejiuliza UTI gani inafika na siku zake na kuondoka na siku zake.

Kilichomsaidia ni kalenda ya ukutani, ile ya bure ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila siku alikuwa anaandika humo, D ni damu, M maumivu, siku akishindwa kwenda kazini anazungushia duara jekundu, akiumia akienda haja kubwa anaandika CH, na yale ya chumbani na kaka yangu aliona aibu kuyaandika akaweka nyota tu. Tukaomba rufaa kwa bingwa wa akina mama, kalenda kaikunja kwapani. Yule dokta aliitandaza mezani, akawa anafunua mwezi mmoja mmoja, akauliza "hizi nyota ni nini mama?" Hapo ndo maongezi yakaanza.

Kwahiyo ukiingia usiseme tumbo linauma dokta, matumbo yanayouma anayasikia kutwa nzima. Sema nashindwa kusimama, natapika, nimekosa kazi siku hizi na hizi, naumia chooni na kwenye tendo. Muulize wazi, inaweza kuwa endometriosisi? Na akikataa mwombe aandike kwenye faili kwamba umeuliza na yeye anaona ni nini.

Na utrasaundi ikitoka safi usirudi nyumbani ukijua huna kitu. Ya wifi ilikuwa safi, kule mwanzo wakamwambia mzima wewe. Bingwa ndo akaeleza kwamba uvimbe wa damu kwenye ovari huwa unaonekana lakini vile vipande vidogo vinavyoota nje ya kizazi mara nyingi havionekani, mpaka upasuaji wa matundu madogo, ila dawa unaweza kuanzishiwa kabla ya huo upasuaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa wanao, sasa hebu hesabu wanawake kwenye daladala moja la asubuhi.

Kinachoniudhi, siku alipoongozana na kaka ndo alikaribishwa kiti. Na kaka mwenyewe alianza kuelewa baada ya kuona Millen Magese, Miss Tanzania wetu wa 2001, anausimulia ugonjwa huu hadharani.

Sasa hivi yuko kwenye vidonge vya homoni, siku zikifika anaenda kazini, siyo zote lakini nyingi. Mama yangu kaviona kasema hivyo ni vya uzazi wa mpango, mnanificha wajukuu. Wifi kamjibu ni dawa ya tumbo mama, mama kanuna mpaka leo.